Hali za uendeshaji wa gari

Hali za uendeshaji wa gari (huitwa pia modi za uendeshaji) ni mipangilio ambayo dereva anaichagua kwa kitufe, swichi au mkono wa gia ili gari lilelile lifanye kazi kwa namna tofauti kulingana na barabara, mzigo au mwendo. Katika magari ya spoti mipangilio hiyo kwa kawaida hupewa majina kama "Comfort", "Sport" na "Race". Katika magari ya barabara mbovu hupewa majina ya mchanga, tope, mawe au theluji, au alama fupi kama H2, H4 na L4.

Kama hali hizi zina thamani ya fedha zinazolipiwa ni jambo linalobishaniwa sana, hasa kwa magari ya spoti. Sehemu kubwa ya ubishi hutokana na kuchanganya vitu viwili. Zipo hali zinazobadilisha jambo ambalo mguu na mkono wa dereva haviwezi kulibadilisha, kwa mfano kufunga difu, kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele au kukaza shokapu. Zipo nyingine zinazobadilisha tu jinsi pedali ya mafuta inavyosomwa na kompyuta. Za kwanza zinaweza kuamua kama gari litafika au halitafika. Za pili dereva anaweza kuzipata bure kwa kukanyaga zaidi au kukanyaga kidogo.

Nchini Tanzania tofauti hiyo inaonekana wazi katika wilaya za Mbinga na Nyasa, mkoani Ruvuma, ambako safari moja ya saa chache hupita lami ya milimani, udongo wa utelezi, mteremko mrefu na mchanga wa ufukweni.

Kinachobadilika ndani ya gari

Katika magari ya zamani pedali ya mafuta iliunganishwa na injini kwa waya. Ukikanyaga nusu, mlango wa hewa ulifunguka nusu. Katika magari mengi ya leo pedali ni sensa tu: inapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua mlango wa hewa ufunguke kiasi gani. Kwa hiyo ni rahisi na nafuu kwa mtengenezaji kuandika ramani mbili au tatu za pedali na kuziita hali tofauti. Kwenye hali ya spoti, kukanyaga robo kunaweza kufungua mlango wa hewa nusu. Gari linaonekana limepata nguvu, lakini ukikanyaga mpaka mwisho nguvu ya juu kabisa mara nyingi ni ileile.

Giaboksi ya otomatiki nayo huweza kupewa ratiba tofauti: kubadili gia mapema ili kuokoa mafuta, au kuchelewa kubadili ili injini ibaki kwenye mizunguko ya juu. Badiliko hili lina faida zaidi, kwa kuwa dereva wa otomatiki hana klachi wala uhuru kamili wa kuchagua gia. Usukani wa umeme huweza kufanywa mzito au mwepesi. Uzito huo ni wa kutengenezwa na mota. Hauleti habari mpya kutoka kwenye tairi.

Shokapu zinazorekebishwa kwa umeme ni jambo zito zaidi. Shokapu laini hulifanya gari litulie juu ya mashimo na mabonde, lakini huliacha liyumbe kwenye kona. Shokapu ngumu hufanya kinyume. Gari lisilo na shokapu za namna hiyo lazima lichague upande mmoja kiwandani na kubaki hapo maisha yake yote.

Mfumo wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo, ulioanza kuuzwa mwaka 1995, pia hutegemea hali iliyochaguliwa. Mfumo huo hupunguza nguvu ya injini na kubana breki ya gurudumu moja moja pale gari linapoanza kuteleza. Hali ya spoti huuchelewesha kidogo, na hali nyingine huuzima kabisa. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu dereva anaweza kuondoa kinga bila kujua kwamba ameiondoa.

Hakuna hali yoyote inayoongeza mshiko wa tairi. Kompyuta inaweza kugawa vizuri mshiko uliopo, basi. Tairi iliyokwisha meno itateleza kwenye tope iwe swichi iko kwenye "Mud" au kwenye "Sport".

Historia

Hali za kwanza zilikuwa za chuma, si za kompyuta. Magari ya magurudumu manne yaliyotapakaa Afrika ya Mashariki baada ya Vita Vikuu ya Pili, yakiongozwa na Land Rover iliyozinduliwa mwaka 1948, yalikuwa na giaboksi ndogo ya pili ambayo dereva aliiendesha kwa mkono wake wa pekee. Toyota Land Cruiser, ambayo baadaye ilikuwa gari la kawaida la hospitali, misheni, polisi na ofisi za serikali, ilifuata mpango huohuo.

Magari ya spoti yalichelewa. Hata mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa muda mrefu yalishindwa na magari yasiyo na hali yoyote ya kuchagua. Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili lenye gia za mkono na linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Toyota Celica, nayo ya kusukumwa nyuma, ilishinda mara tatu mfululizo kuanzia 1984 mpaka 1986, wakati tayari magari ya magurudumu manne yalikuwa yakitamba kwenye mashindano ya Ulaya. Gari la magurudumu manne lilishinda Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1987, nalo lilikuwa Audi 200 quattro ya Hannu Mikkola. Ushindi wa Safari ulitegemea sana gari lisilovunjika na dereva anayejua lini apunguze mwendo.

Porsche 959 ya miaka ya 1980 ilikuwa kati ya magari ya kwanza ya spoti kumpa dereva uchaguzi wa kweli: kijiti kando ya usukani kilichagua jinsi nguvu inavyogawanywa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa barabara kavu, yenye maji, yenye barafu au mahali pa kukwamuka. Mwaka 2001 Mitsubishi Lancer Evolution VII ilikuja na difu ya kati inayosimamiwa na kompyuta, yenye chaguo tatu: lami, changarawe na theluji. Ferrari F430 ya mwaka 2004 iliweka swichi ndogo kwenye usukani, iitwayo "manettino", na inafaa kukumbuka kwamba chaguo zake za kwanza hazikuwa za mwendo kasi bali za barafu na barabara yenye utelezi. Mwaka huohuo Land Rover Discovery 3 ilileta "Terrain Response", kitufe cha mzunguko chenye picha za mchanga, tope na mawe. Baada ya hapo karibu kila mtengenezaji aliiga, mpaka magari madogo ya familia yakapata kitufe cha "Sport".

Katika gari la spoti

Gari la spoti huuzwa kwa ajili ya kazi mbili zinazopingana. Mmiliki hulitumia siku nyingi mjini, kwenye foleni na matuta, na siku chache kwenye barabara tupu au uwanja wa mashindano. Kwa gari la namna hiyo shokapu mbili kwa bei ya moja ni faida halisi, na mfumo wa usalama wenye ngazi kadhaa humwezesha dereva anayejifunza kusogea polepole badala ya kuchagua kati ya kinga yote na kutokuwa na kinga.

Wapinzani wanasema gari zuri la spoti linapaswa kuwa na tabia moja iliyopangwa vizuri. Mfano wanaoupenda ni Mazda MX-5 ya gia za mkono, gari jepesi lililojijengea jina bila swichi ya kuchagua hali. Hoja yao ina uzito: dereva hujifunza gari kwa mazoea, na gari linalobadili ukali wa pedali na uzito wa usukani kila siku halizoeleki. Tena, hali nyingi humaanisha sehemu nyingi za kuharibika. Shokapu ya umeme ikivuja hugharimu mara kadhaa ya shokapu ya kawaida.

Hali inayofungua ekzosi ili injini ingurume zaidi, au inayopitisha sauti ya injini kwenye spika za ndani, ni burudani. Si kosa kuipenda, ila haiingii kwenye hesabu ya uendeshaji.

Magari yaliyotumika kutoka Japani

Watanzania wengi hukutana na hali za uendeshaji kwa mara ya kwanza kwenye gari lililotumika Japani na kuteremshwa bandari ya Dar es Salaam. Magari hayo yana vitufe vilivyowekwa kwa ajili ya nchi yenye theluji na barabara za kasi, na mara nyingi yanafika bila kitabu cha maelezo, au na kitabu cha Kijapani. Hivyo vitufe hubaki bila kuguswa, au huguswa kwa kubahatisha.

Kitufe cha "SNOW" kwenye otomatiki nyingi hulifanya gari lianze kuondoka kwa gia ya pili na kuipooza pedali, ili magurudumu yasizunguke bure. Tope jembamba juu ya udongo mgumu huteleza kwa namna inayofanana na theluji, kwa hiyo kitufe hiki kisicho na kazi yake ya asili Tanzania kina kazi nzuri wakati wa masika. "PWR" au "ECT PWR" hufanya kinyume: huchelewesha gia. Kinasaidia kupanda mlima na mzigo, na kinakula mafuta.

Kinachofaa zaidi kuliko vyote ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. "O/D OFF" kwenye otomatiki za gia nne humaanisha gia ya juu kabisa imezuiwa. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi baadhi ya madereva hudhani ni ubovu na kuizima mara moja. Kumbe kwenye mteremko ndiyo inayolifanya gari lishikiliwe na injini badala ya breki peke yake.

Subaru Legacy, Forester na Impreza za kuanzia mwaka 2006 na kuendelea, nyingi zikiwa na mashabiki vijana, zinaweza kuwa na "SI-Drive", yenye I, S na S#. Swichi hiyo hubadilisha jinsi injini na giaboksi vinavyojibu. Haibadilishi chochote kwenye mshiko, maana Subaru hizo tayari hupeleka nguvu magurudumu yote manne muda wote. Mtu anayezungusha swichi kwenda S# ili avuke tope amejiongezea tatizo: pedali imekuwa kali zaidi mahali panapohitaji mguu mpole. Chaguo la I ndilo linalofaa hapo. "X-MODE" ya Forester za kizazi cha nne ni kitu kingine kabisa. Hiyo hugusa breki na mgawanyo wa nguvu, nayo hufanya kazi kwenye mwendo mdogo tu.

Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa

Mji wa Mbinga uko kwenye milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kati ya mji huo na Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, kuna kilomita 66 za barabara iliyokuwa ya udongo mpaka ilipojengwa kwa lami mwishoni mwa miaka ya 2010 na mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kipande cha Peramiho hadi Mbinga kilikuwa kimetangulia kupata lami, kwa fedha za mpango wa Millennium Challenge wa Marekani.

Kabla ya lami swali la kuchagua hali halikuwa la anasa. Mvua za huko huja kwa msimu mmoja mrefu, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, na udongo wa milimani ukilowa huwa kama sabuni. Gari la magurudumu manne lilihitaji L4 kupanda na kushuka. Gia hiyo ya chini kwenye Land Cruiser hupunguza mzunguko kwa takriban mara 2.5, hivyo gari hutambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kugusa breki, na breki ndiyo inayoteleza kwenye udongo. Hapo hali ya uendeshaji ilikuwa na maana ya mgonjwa kufika hospitali ya Litembo au Liuli siku ileile, au kulala njiani.

Lami imegeuza maagizo. Land Cruiser nyingi za kazi hazina difu ya kati. Ukiingiza H4, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kuzunguka sawasawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma. Tope huruhusu tairi kuteleza kidogo na kumaliza tofauti hiyo, lakini lami kavu hairuhusu. Usukani unakuwa mgumu, tairi zinalika na giaboksi ndogo inabeba mkazo ambao mwishowe huivunja. Dereva anayetoka kijijini na tope na kuingia barabara kuu anapaswa kurudi H2. Magari yenye difu ya kati, kama Prado nyingi, yanaweza kubaki na magurudumu manne kwenye lami mradi difu hiyo haijafungwa.

Aina za zamani huhitaji pia kufunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono. Hilo hufanywa kabla ya kuingia kwenye tope. Baada ya kukwama habu huwa iko chini ya tope.

Hatari iliyobaki kwenye barabara ya lami ni mteremko wenyewe. Gari la kilogramu 1,500 likishuka mita 800 hupoteza nishati ya takriban megajuli 12, kiasi kinachotosha kuchemsha lita 35 za maji ya kawaida. Lori la tani 10 hubeba nishati ya kuchemsha zaidi ya lita 230. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo na msuguano wa tairi; iliyobaki lazima iende kwenye injini au kwenye breki. Breki zikipokea zote hupata moto, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na pedali inazama bila gari kupungua mwendo. Lami imeongeza hatari hii kwa namna isiyotarajiwa, kwa kuwa barabara ya udongo ilimlazimisha kila mtu kwenda polepole.

Kwa hiyo kwenye njia hii hali yenye thamani kuliko zote ni gia ya chini. Kwenye gia za mkono kanuni ya madereva wa malori ni kushuka kwa gia ambayo wangepandia. Kwenye otomatiki ni "O/D OFF", kisha 2 au L. Kwenye Toyota za mseto ni B. Gia ichaguliwe juu kabla mteremko haujaanza. Mfumo wa kushuka mlima wenye kitufe, ulioanza na Land Rover Freelander mwaka 1997, hufaa kwenye mteremko mfupi na mkali wa udongo. Si mbadala wa gia kwenye mteremko wa kilomita nyingi, kwa sababu hufanya kazi kwa kubana breki, na joto linabaki kwenye breki zilezile.

Kitufe cha "Sport" nacho kina jambo moja la kusaidia hapa: kwa kuwa huchelewesha giaboksi kupanda gia, baadhi ya magari hushuka yakishikiliwa vizuri zaidi yakiwa kwenye hali hiyo kuliko kwenye "Eco", ambayo hukimbilia gia za juu. Ni matumizi ambayo matangazo ya magari ya spoti hayayataji.

Nje ya barabara kuu, njia za vijijini Umatengo na vipande vya ufukweni bado vinadai ujuzi wa zamani. Kwenye mchanga wa ufuko wa ziwa, kupunguza upepo wa tairi husaidia kuliko swichi, na mfumo wa kuzuia utelezi mara nyingi huzimwa kwa muda, maana kila unapohisi magurudumu yanazunguka hukata nguvu, na gari lililopoteza mwendo kwenye mchanga huzama. Lami ikirudi mfumo huo uwashwe, na tairi zijazwe upepo kabla ya mwendo kupanda.

Kabla ya kununua

Mnunuzi wa gari lililotumika hulipia hali za uendeshaji hata kama hazifanyi kazi, kwa hiyo huzijaribu. Kitufe cha "O/D OFF" kikibonyezwa kwenye mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa, mizunguko ya injini inapaswa kupanda. Mkono wa L4 uliokaa miaka bila kuguswa huganda. Gari lisimamishwe, gia iwekwe katikati, kisha ujaribiwe kwenda na kurudi. Shokapu za umeme huonyesha tofauti kwenye matuta: zikijibu sawasawa kwenye "Comfort" na "Sport", swichi inawasha taa tu. Usukani kukaza kwenye kona ya lami baada ya kurudisha H2 ni dalili kwamba magurudumu ya mbele bado yameunganishwa.